Namba Saba

Jumatatu, 1 Julai 2024

Leo wametung'oa. Nimefika saa mbili asubuhi, ukungu umejaa mpaka kizingitini, nakuta meza yetu imebebwa. Meza yangu na Kassimu! Miaka mitatu tumekaa bega kwa bega pale dirishani. Yeye anaandika programu, mimi nasoma. Mimi naandika, yeye anasoma na kuguna. Akiguna nafuta. Sasa meza iko stoo, juu yake wamepanga katoni za maji.

Bwana Sharifu, meneja mpya aliyekuja kutoka Dar mwezi wa tano na boksi zima la vikaratasi vya njano vya kubandika, ametukusanya akatueleza. Hakuna tena idara ya programu, idara ya majaribio, wala idara ya magari. Kuna timu mbili za mchanganyiko. Timu Shamba ni ya mkulima na simu yake. Timu Barabara ni ya magari. Kila timu ina mtu mmoja wa programu, dizaina, mtu wa majaribio, na mtaalamu. Kila timu inajiamulia yenyewe bila kungoja mtu. Tumepiga makofi. Hata mimi nimepiga.

Mimi Shamba. Kassimu Barabara, chumba cha mwisho wa korido.

Lakini Gulio ni mfumo mmoja! Mkulima anapiga namba za nyota kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vibonyezo, anasema ana magunia mangapi ya karoti, na lori la Fuso linapangiwa safari ya kituo chake. Basi. Utaikata wapi kazi kama hiyo? Wameikata katikati, kama mkate.

Jumatano, 3 Julai

Kikao cha kusimama, kila asubuhi. Kiliahidiwa dakika kumi. Leo arobaini na mbili. Nimehesabu, maana sikuwa na kingine cha kufanya na miguu yangu. Zakia, dizaina wetu, ameeleza rangi. Hawa wa majaribio ameeleza alichojaribu jana. Amiri, bwana shamba, ameeleza mdudu kantangaze anayekula nyanya. Kisha mimi nikaeleza kwamba nataka kubadilisha namna tunavyohifadhi majina ya wakulima, na ikabidi wote wanne tukubaliane. Tumepiga kura. Amiri kanyoosha mkono kupinga kwa sababu, anasema, haoni haraka iko wapi.

Mimi sijaipigia kura kantangaze yake.

Haya, niwe mkweli. Mchana Amiri huyohuyo ameniambia njegere hazipimwi kwa gunia huku kwetu zikiwa mbichi, zinapimwa kwa debe, na nusu ya takwimu zetu ni uongo. Dakika mbili tu, kwa sababu tumekaa karibu. Zamani ningelijua hilo baada ya mwezi. Nimemnunulia chai. Bado simpi kura.

Jumanne, 16 Julai

Nimeandika mistari mia mbili tangu Ijumaa na hakuna aliyeisoma. Hawa anabonyeza, inakubali, anasema safi. Zakia anasema inapendeza. Nani atanigunia? Najisikia kama mtu anayejinyoa bila kioo.

Nimemfuata Kassimu korido. Yeye pia ameandika orodha ya vijiji. Mimi nimeandika orodha ya vijiji. Wiki nzima kila mmoja, kazi ileile! Tumecheka mpaka Bwana Sharifu akachungulia. Kassimu akamwomba tuwe tunakaa pamoja walau saa moja kwa wiki, sisi wawili wa programu. Bwana Sharifu kasema kwa upole kabisa kwamba huko ndiko kurudi kwenye idara, na kwamba tuzoee kwanza.

Ni mtu mpole. Ningependa angekuwa mkali, ningejua pa kusukuma.

Jumatatu, 22 Julai

Kichwa kinaniuma. Kikao cha menyu kimechukua saa mbili na nusu. Zakia anataka menyu nzima ya mkulima iingie kwenye kioo kimoja cha kitochi bila kushusha chini. Yuko sawa, wazee wanapata shida kushusha. Mistari ilikuwa saba, inayoingia ni sita. Ipi itoke?

Akauliza namba saba inatumika mara ngapi. Nikafungua kumbukumbu. Mara kumi na moja kwa mwaka. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwepo tangu mwanzo.

Namba saba ni Msiba Kijijini. Niliitengeneza na Kassimu mwaka ule wa kwanza, baada ya gari kupanda mpaka kijiji fulani na kukuta kituo kitupu, dereva akatukana watu wanaotoka kuzika. Huku mtu akifa hakuna anayeshika jembe wala kuchuma mpaka azikwe. Kila mtu anajua, ila mashine haijui. Basi karani wa kituo akibonyeza saba, gari linasubiri mpaka abonyeze tena, na kila mkulima wa kijiji anapata ujumbe wa pole. Maneno ya pole aliyaandika Kassimu. Nusu ya kazi iko upande wa simu, nusu upande wa magari. Hatukuiandika popote. Tuliisemea mezani tu, tukainywea chai.

Ningeeleza yote hayo leo. Lakini ilikuwa saa saba kasoro, njaa, Amiri anakuna meza kwa kalamu. Nikasema, "Itoeni. Nadhani wenzetu wa Barabara wana njia yao." Nilisema *nadhani*. Hakuna aliyeuliza zaidi, na nani angeuliza? Wao si watu wa programu. Zakia akashukuru. Kwenye ubao wakabandika karatasi ya njano: TIMU IMEAMUA.

Nimwambie Kassimu kesho.

Ijumaa, 2 Agosti

Baridi ya kukata vidole. Menyu mpya imetoka jana, maana siku ya kutoa mabadiliko ni Alhamisi peke yake. Majaribio yote yamefaulu. Ya Barabara nayo yamefaulu. Kila timu imejaribu nusu yake, imejipongeza.

Sijamwona Kassimu. Akitoka kikaoni mimi naingia.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Nimepanda Gare, kijijini kwetu, kwa mama. Jua limetoka saa tano, bonde lote likaonekana, na bonde lote ni njegere! Nimemuuliza mama kulikoni, wameacha kabichi? Kasema ni kwa ajili ya gari letu. Njegere zina bei lakini haziwezi kungoja, zikichumwa lazima ziondoke siku hiyohiyo. Bila gari la uhakika hakuna mwenye akili anayepanda njegere bonde zima. Mwaka huu wamepanda wote, kuchuma ni kuanzia mwisho wa mwezi huu mpaka Novemba. Mama ameweka mpaka kiwanja cha nyuma ya choo.

Jirani, babu Kristofa, amekuja kunisalimia. Nimempa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mwenzangu wa meza moja. Ni yeye aliyekuwa ananivusha mto mgongoni nikienda darasa la kwanza, na mpaka leo ananiita mzigo. Anakohoa vibaya. Mkewe, bibi Yunis, kamgombeza avae koti, babu akamwambia kifo hakina koti. Wakahamia Kishambaa, wakacheka wenyewe.

Kisha bibi Yunis akatoa simu yake akanionyesha ujumbe. Wa mwaka jana, alipofiwa na dada yake. *Gulio tunaungana nanyi katika msiba huu. Gari litawasubiri. Poleni sana.* Hajaufuta. Anasema hata baadhi ya watoto wa marehemu hawakutuma pole, ila mashine yangu mimi, Schola, ilituma.

Nikasema ahsante bibi. Hivi Barabara wana njia yao, au niliisema tu ili nikale?

Nitamuuliza Kassimu Jumatatu, kitu cha kwanza.

Jumatatu, 12 Agosti

Kassimu na timu yake wako Magoma kuangalia barabara. Watu wanne kwenye gari moja, na wa programu humo! Zamani angeenda mtu wa magari, akarudi na karatasi.

Jumanne, 20 Agosti

Keki. Barabara wamekamilisha kitu chao kikubwa: kituo kikikosa mzigo siku tatu mfululizo, ratiba yenyewe inakiondoa mpaka mwisho wa msimu, gari linapewa kituo kingine. Hakuna mtu wa kupendelea wala wa kubembelezwa. Hata kuongeza safari kwa mkono kumefungwa. Mafuta hayapotei. Makofi.

Nilikuwa na keki mdomoni nilipoelewa: kijiji chenye msiba nacho hukosa mzigo siku tatu. Nikamfuata Kassimu, nikamshika mkono wa shati. Nikasema nina jambo. Akasema na yeye ana mambo kumi. Akaanza kuniambia jinsi ilivyo kuandika peke yake, kwamba wiki iliyopita amekosea kitu cha kitoto na hakuna aliyeona kwa siku sita. Nikamsikiliza kwa sababu ni maneno yangu mwenyewe yanatoka kinywani mwake. Kisha wakamwita kikaoni. Akaenda.

Jambo langu nikabaki nalo, na kipande cha keki.

Jumatatu, 26 Agosti

Babu Kristofa amefariki. Jana jioni. Mama amenipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti kavu. Mazishi Jumatano, wanawasubiri vijana walioko Mwanza.

Nimelia bafuni ili mwenye nyumba asisikie. Aliyenivusha mto.

Saa tatu, mjomba Paskali akapiga. Ni karani wa kituo cha Gare. Shikamoo, marahaba, pole mjomba, tumeshapoa. Kisha akasema amebonyeza saba kama kawaida na simu inamjibu chaguo si sahihi. Amebonyeza mara nne. Anadhani macho yake. Gari limeshafika pale na kuondoka tupu.

Nikasema nitaangalia, mjomba.

Siku moja tupu imeshapita. Kesho ya pili. Jumatano ya tatu, na njegere ziko tayari bonde zima.

Nimemwendea Bwana Sharifu. Amenipa pole ya kweli, akanikalisha. Akasema yeye haamui siku hizi, timu ndizo zinaamua. Nipeleke kwa timu husika. Nikauliza timu husika ni ipi. Akafikiri. Akasema hilo ndilo swali zuri.

Barabara wote wako Muheza, warsha ya siku tatu na wanunuzi wa viungo. Wote. Kassimu simu imezimwa. Huko hakuna ruhusa ya simu ukumbini, eti wawe pamoja kimawazo.

Nimekaa. Nimesimama. Nimeenda kuitazama ile meza stoo. Sijui kwa nini.

Jumanne, 27 Agosti

Kikao cha kusimama. Nimeeleza: babu, msiba, siku tatu, njegere. Nimeomba nirudishe mstari wa saba leo leo. Dakika tano za kazi.

Hawa kasema lazima ajaribu. Atajaribu nini, wakati nusu ya pili haiko kwetu? Zakia kasema mistari saba haiingii, tuchague upya utakaotoka, ila alikuwa karibu kulia, ni msichana mwenye moyo. Amiri kasema hii siyo ya Shamba bali ya Barabara, kwani gari ni lao. Nimetuma ujumbe kwenye grupu la Barabara. Baada ya saa mbili wamejibu kutoka Muheza, siyo Kassimu, mwingine. Siyo ya Barabara bali ya Shamba, kwani msiba uko kijijini.

Bwana Sharifu ameandika kwa herufi nzuri: kikao cha pamoja Jumatatu ijayo, tuone nani anamiliki.

Jumatatu! Mtoto wa wawili hulala njaa, mama husema. Huyu wetu atazikwa kabla hajapewa baba.

Zakia akauliza, kwa nia njema tu, ilikuwaje ikatoka. Nikasema, "Iliondolewa." Akaitikia kwa kichwa. Akaangalia ubaoni, akaona TIMU IMEAMUA, akatosheka. Wote wametosheka. Hakuna jina langu popote. Nimepekua kumbukumbu nzima, hakuna. Ningeweza kukaa nyuma ya karatasi ile ya njano mpaka nistaafu.

Naona aibu kuandika hili, lakini nilipoona hakuna jina, nilipumua.

Nimerudisha mstari bila ruhusa, kwenye mashine yangu. Kuuweka hewani kunataka idhini ya Hawa, na siku ni Alhamisi. Nimemwomba. Kasema, Schola, wiki iliyopita ulinisema kwa kuvunja utaratibu huohuo. Ni kweli nilimsema.

Mbili zimepita. Ruhusa ya siku mbili nimepewa. Napanda Gare.

Jumatano, 28 Agosti

Tumemzika saa nane. Ukungu ulishuka katikati ya sala, nikawa nasikia udongo bila kuuona. Kwaya imeimba vizuri. Vijana wa Mwanza walifika saa tano, mmoja kavaa viatu vya babu.

Asubuhi, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, tulisikia gari chini barabarani. Likasimama kituoni. Likapiga honi mara mbili. Wanawake wakaangaliana. Mama akasema dereva mpya huyo, hajui kama kuna msiba, Paskali si amewaambia? Nikaendelea kumenya. Lile gari likageuza, likaondoka tupu. Nilikuwa najua ni mara ya tatu, mimi peke yangu kati ya wote pale. Nimejikata kidole.

Baada ya mazishi tumerudi uani, watu wamekaa kwenye mikeka na mabenchi ya kanisa. Bibi Yunis alikuwa ukutani, kajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, nami nimeketi karibu naye. Simu ikalia ndani ya kanga. Kisha ya mama ikalia. Kisha benchi zima, zote pamoja, tii-tii, tii-tii, kama vifaranga. Nikajua kabla sijaona.

Bibi akaitoa simu. Machozi yamemjaa, hawezi kusoma. Akanipa.

"Nisomee, mwanangu," akasema. "Ni ile pole ya kwenu. Nilijua itakuja. Nilikuwa naisubiri tangu juzi."

Kiooni imeandikwa: *Kituo cha GARE kimekosa mzigo siku 3. Gari limehamishiwa kituo kingine hadi 30/11. Asante kwa kutumia Gulio.*

Nikasoma: "Gulio tunaungana nanyi katika msiba huu. Gari litawasubiri. Poleni sana."

Nayajua kwa moyo. Nilikuwepo yalipoandikwa, Kassimu alibadilisha neno *huu* mara tatu. Bibi Yunis akanishika mkono akaubana. Akasema ahsante, ahsanteni, Mungu awabariki huko ofisini.

Nikainuka nikasema naenda kuchukua maji.

Sasa niko stoo ya mama, kwenye gunia la mbegu, daftari gotini. Saa kumi na nusu. Nje wanaanza kugawa chakula. Kassimu amepiga sasa hivi, warsha imekwisha, yuko stendi Muheza. Amesoma yote grupuni. Upande wake haujaguswa, anasema, unasikiliza namba saba mpaka dakika hii. Hakuna kilichofika. Alidhani tu kwamba mwezi huu hakuna aliyefiwa, akashukuru Mungu.

"Ujumbe wa saba ungekuja, ningekilinda kituo," akasema. "Nani aliuondoa kwenu, Schola?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nikakata.

Anaweza kulirudisha gari? Sijui. Sheria ile waliifunga wasibembelezwe, na Fuso limeshapewa kituo kingine. Labda kwa mikono miwili pamoja, wake na wangu, bila kikao, na kesho tufukuzwe wote. Lakini lazima kwanza nimjibu swali lake. Na akijua, watataka kujua wengine. Njegere za mama nyuma ya choo zimeshajaa maganda, nazitazama hapa kwenye ufa wa mbao.

Uani pameanza kunyamaza. Siyo kunyamaza kwa sala. Namsikia mjomba Paskali anauliza nani ana miwani. Sasa anasoma. Anasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama karani. *Ki-me-ko-sa.*

Bibi Yunis anasema hapana, siyo hiyo, Schola ameshanisomea.

Mjomba anauliza niko wapi. Mama anasema yumo stoo humo, amekwenda kuchukua maji.

Maji hayakai stoo.

Naja, nimeitikia. Simu inaita tena mkononi, ni Kassimu. Mlango unafunguka kwa nje na